Namba Nne: Kuzika Archange

Bibi yangu alikuwa amekaa juu ya jeneza.

Hapo ndipo nilipowaacha wiki jana, na hapo ndipo bado yuko. Watu wanne wa kubeba wamesimama mikono mitupu. Pasta ameweka kidole ndani ya Biblia ili asipoteze ukurasa. Baba mukubwa Désiré anatazama saa yake ya mkononi, ile isiyotembea tangu Pasaka.

"Mama, simama," akasema. "Watu wanatuangalia."

"Wacha waangalie. Njo kazi ya macho."

Aliyekosa gazeti la wiki jana ajue hivi: ndani ya jeneza lile hamkuwa na mtu. Mlikuwa na mgomba. Kwao bibi, upande wa Tunda, mtu akipotea miaka mingi na mwili wake usionekane, wanakata shina la mgomba, wanalivalisha shati lake, wanalizika, na kilio kinaisha. Ni desturi safi. Mimi siidharau hata kidogo. Ninayemdharau ni yule aliyeitumia.

Aliyepotea ni baba yangu, Archange. Mwaka 2002, vita ilipofunga Kindu pande zote na watu wakawa wanachemsha majani wasiyoyajua jina, alivuka mto kwenda Alunguli kutafuta mihogo. Nilikuwa na miaka miwili, mgongoni mwa Bibi Musau. Hakurudi. Imepita miaka ishirini na miwili. Bibi hajakubali kulala nyumba nyingine hata siku moja, na kila mwaka anapaka mlango wetu rangi ya buluu ileile, kwa sababu mwanawe alitoka kwa mlango wa buluu, na akirudi, huo ndio anaoujua.

Halafu baba mukubwa, kaka yake, akapata wazo la kuhamia Lubumbashi.

Watu wanahama, simlaumu mtu kwa kuhama. Marehemu babu Badibanga mwenyewe alitoka Kasai kwa kazi ya reli na sanduku moja, akajenga nyumba hii ya matofali hapa Mikelenge. Lakini mwanawe alitaka kuhama kama waziri. Alinunua kaye ya shule, ya kurasa mia, akaandika juu yake kwa herufi kubwa: PROGRAMU YA KUHAMA. Namba moja, kuandikisha nafasi ku wagoni ya mizigo. Namba mbili, kuuza kuku. Namba tatu, kuanika magodoro na kuua kunguni. Namba nne, kuzika Archange. Namba tano, kung'oa mlango wa mbele, maana mbao yake ni nzuri na itafaa huko.

Soma tena namba nne. Alimweka mdogo wake kati ya kunguni na mlango.

Kaye yenyewe aliiacha wazi mezani kila siku. Mimi niliishia darasa la sita, na kwake yeye mtu wa darasa la sita ni sawa na mbuzi mbele ya gazeti. Basi mbuzi alisoma. Alisoma polepole, kwa kidole, huku anafagia. Kurasa mbili mbele niliona listi nyingine: VITU VYA KUACHA. Kinu kilichopasuka. Meza ya miguu mitatu. Bénie.

Bénie ni mimi.

Nilikuwa nimeachwa pamoja na nyumba. Aliyetaka kuinunua, Papa Mardochée, mwenye maduka mawili sokoni, alihitaji mtu wa kufua na kupika, na baba mukubwa alimwambia yuko mmoja anayejua tayari mahali sufuria zinapokaa. Shida ilikuwa mukanda wa parseli, ile hati ya kiwanja. Babu aliandikisha nyumba kwa majina mawili, Désiré na Archange. Mardochée si mjinga. Alisema: niletee sahihi ya pili, ao niletee kaburi.

Ndiyo maana tulikuwa pale Alhamisi asubuhi na jeneza. Jeneza lenyewe lilipigwa na Arsène, seremala wa jirani, kwa mbao zilizobaki kwenye makasha ya sahani za Mama Princesse, mke wa baba mukubwa. Ubavuni lilikuwa bado na maandishi mekundu: VINAVUNJIKA, SHIKA POLEPOLE. Hivyo ndivyo mtu anavyomzika mdogo wake akiwa na haraka ya treni.

Sasa turudi kwa bibi. Aliuliza mara ya pili lile swali lililomkalisha juu ya jeneza, na safari hii alimuuliza mwanawe usoni.

"Nani alikata mugomba huu?"

"Njo mimi, mama. Nilikata mwenyewe asubuhi, nikamuvalisha, nikapigilia misumari. Sikutaka mutu mwingine amuguse ndugu yangu."

Alisema hivyo huku ameweka mkono kifuani. Pasta akatikisa kichwa kwa heshima. Arsène hakutikisa kichwa. Arsène alikuwa ameudhika, kwa sababu tangu alfajiri alifukuzwa kazini kwake. Baba mukubwa alimnyang'anya nyundo, akajifungia chumbani na jeneza, na tukasikia misumari ishirini ikiingia mmoja mmoja.

"Kaka hakati," akasema bibi. "Kaka anabeba. Mwenye kukata ni mutoto. Kama damu yake haikukata, hajalala. Na kama hajalala, miye siingie mu treni."

Wanawake wa Tunda waliokuja kulia wakaitikia kwamba ni kweli, kwao ni hivyo. Mmoja akaongeza kwamba mgomba uliokatwa na kaka ni mgomba wa kulisha mbuzi.

Hapa ilibidi nimtazame baba mukubwa vizuri, na nilimtazama, kutoka jikoni, na mti wa kutwangia sombe, majani ya muhogo, mkononi.

Miaka ishirini na miwili mtu huyu alisema mimi si mtoto wa Archange. Mama yangu alitoka Obokote, wazee hawakuwahi kukaa kwa mahari yake, na homa ilimuua vita ikiwa bado haijaisha. Hakuna wa kumtetea. Kwa hiyo kanisani, kwenye harusi, mbele ya wageni, baba mukubwa alikuwa na neno moja juu yangu: "Huyu bibi alimuokota mu vita." Analisema kama anavyosema habari ya paka. Kwake yeye, Archange hakuwa na mke, hakuwa na mtoto, hakuwa na mtu wa kudai hata kigae cha paa.

Na sasa anahitaji mtoto wa Archange, kabla ya saa sita, maana mchana ni kutia sahihi, na watu wa reli walisema treni itafika Jumamosi. Walikuwa wamesema Jumamosi mara tatu. Wiki tatu tulikuwa tunaishi na vitanda vimefungwa kamba, tunalala chini kati ya mafurushi, na frigo ya Mama Princesse, ambayo haijawahi kuonja umeme, imevalishwa magunia kama mgonjwa. Kuku walishauzwa. Kanisa lilishatuaga, kwa nyimbo na machozi, na kila Jumapili baba mukubwa anaingia kwa mlango wa nyuma ili wasimuulize kwa nini bado yupo.

Mama Princesse akamnong'oneza. Sauti yake ya kunong'ona inafika barabarani. Alisema: muite tu yule, ni mambo ya dakika moja, nani atakumbuka.

"Bénie," baba mukubwa akaita. "Bénie, mutoto wangu. Kuya."

Nilifuta mikono. Sikuharakisha. Nilipofika mbele yake niliinamisha kichwa, namna anavyopenda.

"Kata mugomba mumoja pale nyuma. Babako alale."

Nikamjibu kwa sauti ndogo kwamba ninaogopa. Mimi ni wa kuokotwa. Mtu wa kuokotwa akikata, marehemu atakasirika, na hasira yake itawafuata mpaka ndani ya treni.

Pembeni, kwenye kiti pekee ambacho hakikufungwa kamba, alikuwa amekaa Shefu Yassine, shefu wa avenyu yetu, na rejista magotini. Ni mzee mtulivu, anasikia zaidi kuliko anavyosema. Baba mukubwa mwenyewe alimwita aandike kifo palepale, muhuri uwe tayari kabla ya chakula.

"Ile maneno ya kuokotwa ni ya zamani," baba mukubwa akasema. "Weye ni mutoto wa Archange."

Nikasema bibi hakusikia, masikio yake hayako mazuri siku hizi.

Bibi Musau anasikia panya akitembea juu ya dari. Alinitazama, nikamtazama. "Sisikie," akasema.

Baba mukubwa akarudia, kwa sauti zaidi. Nikasema labda pasta naye hakusikia, na ni yeye atakayeomba. Basi jasho likamtoka, akasimama katikati ya parseli, akapiga kelele mpaka wauza makaa wa ng'ambo ya reli wakageuka.

"Bénie njo mutoto wa Archange! Wa damu! Wa pekee, hakuna mwingine! Mulisikia wote?"

Wote walisikia. Nami nilisikia kitu kingine, kidogo sana: biki ya Shefu Yassine ikikwaruza karatasi.

Mtafikiri nilienda nyuma ya nyumba nikicheka. Sikucheka. Panga lilikuwa mkononi, mgomba ulikuwa mbele yangu, na kukata maana yake ni kusema ndiyo, amekufa, nimekubali. Nilisimama mpaka Mama Princesse akaanza kukohoa. Nikamwambia baba yangu moyoni kwamba kama yuko hai anisamehe, na kama hayuko alale. Shina la mgomba linakatika kirahisi mno. Maji yake yalinimwagikia mpaka viwiko.

Nilipolileta, Arsène alishika nyundo afungue jeneza, atoe mgomba wa zamani aweke mpya. Ni jambo la kawaida. Lakini baba mukubwa aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Usifungue."

"Papa Désiré, mugomba wa mutoto utaingia wapi?"

"Fungia juu. Na kamba. Misumari ni misumari, huwezi kuichezea."

Nilimdharau hapo pia. Niliona ni ubahili, kuonea misumari huruma siku ya kilio. Bibi aliridhika na mgomba wa juu, akainuka, na wale wanne wakabeba. Walipolinyanyua, kitu ndani kiligonga ubao, tak. Mbebaji wa mbele alimtazama wa nyuma. Baba mukubwa akasema ni msumari umelegea, endeleeni.

Tulimzika mwisho wa parseli, kwenye migomba. Papa Mardochée alihudhuria, kofia mkononi, akamwambia Arsène kwamba kaburi la mgomba halimsumbui, hapo panafaa choo.

*

Mchana wakakaa kutia sahihi.

Meza nzuri ilikuwa imefungwa kamba chini ya magodoro, kwa hiyo walitumia ile ya miguu mitatu, kutoka listi ya vitu vya kuacha. Arsène aliishikilia kwa goti. Mama Princesse alivaa wigi la safari. Mardochée alisoma karatasi yake mara mbili. Baba mukubwa hakusoma. Alitia sahihi kubwa yenye mkia, mkia ukazunguka ukarudi ukapita juu ya jina lake mwenyewe, akakaa nyuma akapumua kama mtu aliyejenga daraja.

"Imekwisha," akasema. "Shefu, muhuri."

Shefu Yassine alivaa miwani. Ina sikio moja, upande wa pili ni uzi. Alifungua rejista bila haraka.

"Sahihi ya pili."

"Ya nani? Archange tumemuzika asubuhi. Marehemu hasaini."

"Ni kweli, hasaini. Mutoto wake njo anasaini." Akaweka kidole kwenye mstari. "Niliandika hapa. Mbele ya pasta na majirani, kaka mukubwa wa marehemu alitangaza mara tatu. Bénie. Wa damu. Wa pekee. Sehemu ya marehemu ni yake."

Mtu asiyemjua baba mukubwa angedhani anaumwa jino. Akamtazama Mama Princesse, naye akatazama frigo.

"Lakini Shefu," akasema, "ule bibi alimuokota."

"Asubuhi hakuokotwa."

Goti la Arsène likatetemeka kwa kicheko, meza ikainama, chupa ya soda ya Mardochée ikamwagika suruali. Mardochée hakujali suruali. Alikuwa anakunja karatasi yake. Alisema hawezi kununua nusu nyumba, na kama kuna binti, basi binti atie sahihi leo, la sivyo yeye ana parseli nyingine ameonyeshwa huko Kasuku.

Hapo mbele ya macho yangu, wapenzi wangu, mtu aligeuka asali.

Alifungua kaye. Akatafuta VITU VYA KUACHA, akapiga mstari juu ya jina langu, akaliandika upya kwenye ukurasa wa WASAFIRI, chini ya frigo. Kisha akanionyesha kwa kidole, herufi moja moja, kama unavyomfundisha mtoto wa darasa la kwanza. "B. E. N. Unaona? Njo weye." Alisema Lubumbashi kuna shule za kushona, kuna barabara za lami, kuna vijana wenye kazi. Mama Princesse alivua mkufu wake akanivalisha, na alipokuwa anaufunga alinong'ona kwamba siku zote aliniona kama mtoto wa tumbo lake. Ule mkufu unaacha alama ya kijani shingoni. Ninajua kwa sababu mimi ndiye ninayefua kola zake.

Nilimtazama bibi. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa buluu, mkono mmoja juu ya ubao, na bawaba za juu zilikuwa zimeshafunguliwa kwa ajili ya namba tano. Mlango ulikuwa unaning'inia kwa bawaba moja ya chini, naye ni kama alikuwa anauzuia usianguke.

Nikiandika jina langu, mlango ule utapanda treni, na baba yangu, popote alipo, kama yupo, siku moja atakuja kusimama mbele ya tundu. Nisipoandika, baba mukubwa atanifanyia nini mimi na kikongwe huyu, na magodoro yamefungwa na kuku wameuzwa? Nilijua jibu langu. Nilitaka tu kulisema mikono ikiwa safi.

Nikaomba nikanawe utomvu wa mgomba.

Mbele, karibu na barabara, pikipiki ilikuwa imesimama, imejaa tope jekundu la upande wa pili wa mto. Mwenye pikipiki alikuwa kijana mnene, kofia ya chuma kwapani. Alisema anaitwa Alain, anafanya njia ya Kampene, amevuka sasa hivi kutoka Alunguli. Anamtafuta mama Musau, ao mutoto Bénie.

"Njo miye Bénie."

"Hakika? Nilikatazwa kumupa mutu mwingine." Akaona wanawake wa kilio wamelala kwenye mikeka. "Muko na matanga? Nani alikufa?"

"Archange Badibanga. Baba yangu."

Alinitazama kama mtu aliyesikia mzaha mbaya kanisani.

"Archange mwenye kovu hapa?" Akagusa nyuma ya sikio la kushoto. "Alianguka ku wagoni akiwa mutoto?"

Hilo kovu bibi alinisimulia tangu sijajua kuhesabu. Walikuwa wanacheza gare, pale treni zinaposimama, yeye na Désiré, na Désiré alimsukuma.

"Nilimuacha juzi Kampene," akasema Alain. "Alikuwa anakula."

Nilishika usukani wa pikipiki yake. Chuma kilikuwa bado cha moto, nikakishika hivyohivyo.

Aliniambia upesi, maana alikuwa na abiria wa kurudi. Baba yangu alichukuliwa na watu wa bunduki mwaka ule, akabebeshwa mizigo, akapotelea upande wa Kabambare. Mengine ni marefu, atayasema mwenyewe. Kampene alifika mwaka juzi, anachimba madini. Mguu mmoja ni mbovu, hapandi pikipiki. Ametuma barua. Hii ni ya tatu.

"Za kwanza mbili zilienda wapi?"

"Nilileta hapahapa. Nilikuta papa mumoja ku mulango, akasema yeye njo kaka yake, akapokea. Ya kwanza alinipa jibu la mudomo: mama amekufa, mutoto amekufa, nyumba iliungua, asirudi. Ya pili alinipa na kitu kizito cha kumupelekea, kimefungwa kitambaa, halafu akabadilisha mawazo, akakirudisha ndani. Archange alilia siku mbili. Halafu akaanza kuuliza: kama nyumba iliungua, huyu kaka alisimama ku mulango gani?"

Akanipa bahasha. Niliifungua kwa meno, vidole vilikuwa vinateleza. Mistari miwili tu, kwa kalamu ya risasi. Nilisoma kwa kidole.

*Mama, kama kweli umekufa barua hii itarudi kwangu. Kama uko, niambie tu mlango ungali wa buluu.*

Nilimwambia Alain anifuate.

Mezani wote waligeuka. Baba mukubwa alikuwa ameshanifungulia biki, ameielekeza kwangu. "Hapa, mutoto wangu, hapa chini."

Halafu akamwona Alain nyuma yangu, na biki ikabaki hewani.

"Jambo, papa," akasema Alain kwa adabu. "Njo miye tena."

Nikaweka barua juu ya karatasi ya Mardochée. "Shefu," nikasema, "usifunge rejista. Kuna mutu wa kufuta."

Shefu Yassine alisoma, akavua miwani, akampa pasta. Mardochée hakusubiri zamu yake. Alikamata kofia, akasema hiyo ya Kasuku haina kilio wala barua, akaenda. Mama Princesse aliketi juu ya furushi la sahani na sote tukasikia zikivunjika.

Bibi alikuwa ametoka mlangoni. "Inasema nini?"

Nikamsomea, polepole, kwa sababu sijui kusoma namna nyingine. Nilipofika kwenye neno mlango alifunga macho. Hakulia. Miaka ishirini na miwili alikuwa amelia ya kutosha, na leo asubuhi walimlipisha tena.

"Jembe iko wapi?" akauliza.

Jembe lilikuwa limefungwa na frigo. Alifungua fundo mwenyewe, fundo la wiki tatu, kwa meno na kucha. Alituambia, bila kupandisha sauti, kwamba mtu aliye hai hawezi kuwa na kaburi mpaka jua lizame. Mgomba unatoka leo, unachomwa leo, ao kaburi litamvuta. Wanawake wa Tunda walikuwa wameshasimama. Arsène alichukua nyundo yake, ile yenye upande wa kung'olea misumari.

Nami nilidhani nimeshaona mwisho wa baba mukubwa. Barua ilimkuta ameketi, akabaki ameketi. Rejista haikumwinua. Kukimbia kwa Mardochée hakukumwinua. Lakini alipoliona jembe linaelekea kwenye migomba, alipindua meza ya miguu mitatu, akatupita sote mbio, akasimama juu ya kaburi, na viatu vyake vipya vya Lubumbashi vikazama kwenye udongo mbichi.

"Hakuna mutu atafungua."

Haikuwa sauti ya mtu mkali. Ilikuwa sauti ya mtu anayeona nyoka.

"Toka hapo," akasema bibi.

"Mama, siuzi tena. Chukua nyumba. Andika yote kwa Archange, kwa Bénie, nitasaini sasa hivi, Shefu iko hapa. Chukua wagoni, chukua frigo, chukua kila kitu. Lakini hiyo uiache chini."

Nilimtazama. Mtu huyu alisema mama yake amekufa ili aipate nyumba, akachoma kwa mdomo matofali ya baba yake, akamzika ndugu yake kati ya kunguni na mlango. Sasa anaitoa yote, bila hata kuulizwa, kwa ajili ya shina la mgomba lililovaa shati.

Misumari ishirini, nikakumbuka. Na kile kitu kilichogonga, tak. Na Alain hapo nyuma yangu, anasema kwa sauti ndogo kwamba anajua sasa kile kitu kizito kilichorudishwa ndani siku ile kiko wapi.

Bibi hakugeuka kumsikiliza. Alikuwa ameshainua jembe.

"Toa muguu, Désiré," akasema. "Ao nianzie hapo."